Thorstein Veblen, Mchumi Aliyesema kwa Mafumbo

Mwaka 1894 mgomo wa wafanyakazi wa kiwanda cha mabehewa cha Pullman ulienea hata ukasimamisha treni katika sehemu kubwa ya Marekani, na kitovu chake kilikuwa mji wa Chicago. Katika siku hizo za taharuki mwalimu mmoja wa uchumi katika Chuo Kikuu cha Chicago, Edward Bemis, alisimama kanisani akasema kwamba makampuni ya reli, kama yanataka wafanyakazi wao watii sheria, hayana budi kuanza yenyewe kuzitii. Wagomaji nao hakuwaacha bila lawama. Hata hivyo, mwaka uliofuata Bemis hakuwa tena na kazi chuoni. Wakuu wa chuo walishikilia kwamba maneno yake kanisani hayakuwa sababu. Watu wengi hawakusadiki.

Miaka minne ikapita. Mwaka 1899 mwalimu mwingine wa uchumi katika chuo kile kile alitoa kitabu kiitwacho The Theory of the Leisure Class, ambacho kwa Kiswahili twaweza kukiita Nadharia ya Tabaka la Wastarehe. Ndani yake alieleza, kwa utulivu wa msafiri anayesimulia desturi za kabila la mbali, kwamba matajiri wa nchi yake ni warithi wa wateka nyara wa zama za kale. Kwamba heshima wanayopewa ni ile ile aliyopewa mtu aliyerudi vitani na mateka wengi. Na kwamba sehemu kubwa ya fahari yao, kuanzia mavazi ya wake zao hadi mbwa wao, haina kazi nyingine ila kuthibitisha kwamba wana mali ya kupoteza. Chuo hicho kilianzishwa kwa fedha za John D. Rockefeller, mwenye kampuni ya mafuta ya Standard Oil, aliyetoa dola 600,000 za kuanzia mwaka 1889 na mamilioni baadaye. Basi mtu angetazamia kwamba mwandishi wa kitabu kile angefungishwa virago kabla wino haujakauka. Haikuwa hivyo. Mwaka 1900 Thorstein Veblen alipandishwa cheo.

Bemis aliyesema kidogo alitolewa, na Veblen aliyesema mengi akabaki. Jambo hili lapasa kutushughulisha sisi tunaofundisha lugha, kwa maana nadhani jibu lake limo katika lugha yenyewe. Bemis alinena wazi. Veblen alinena kwa mafumbo.

Veblen alizaliwa tarehe 30 Julai 1857 katika jimbo la Wisconsin, mtoto wa sita miongoni mwa kumi na wawili. Wazazi wake, Thomas na Kari, walikuwa wametoka Norway miaka kumi kabla, mwaka 1847. Mwaka 1865 jamaa yote ilihamia Minnesota, ambako baba, aliyekuwa fundi seremala hodari, alijenga nyumba kwa mikono yake na kulima shamba la ekari 290. Nyumbani kilisemwa Kinorwei, na majirani wengi nao walikuwa Wanorwei. Kiingereza kilikuwa lugha ya shuleni, ya dukani na ya benki.

Hapa lazima nisimame kidogo, kwa kuwa juu ya utoto huo imejengwa hadithi ambayo imerudiwa kitabu hadi kitabu: kwamba Veblen alikuwa mtoto wa wakulima maskini, aliyeingia chuo akiwa hajui Kiingereza, akabaki mgeni katika Marekani maisha yake yote, na kwamba ugeni huo ndio uliompa macho ya kuona wasiyoyaona wenyeji. Hadithi hiyo ni tamu, na ina chembe ya kweli. Mwenyewe aliandika makala mwaka 1919 juu ya wataalamu wa Kiyahudi wa Ulaya, akasema kwamba mtu aliyetoka katika mila za kwao bila kupokelewa kikamilifu katika mila za wengine ndiye anayekuwa na moyo wa shaka ambao sayansi yauhitaji. Wengi wameisoma makala hiyo kama wasifu wake mwenyewe. Lakini watafiti wa siku za karibuni wameonyesha kwamba shamba la Thomas Veblen lilikuwa la mtu mwenye uwezo, kwamba watoto wake walisomeshwa kuliko watoto wengi wa wenyeji, na kwamba Thorstein hakukua bila Kiingereza. Dada yake Emily naye alihitimu chuo, jambo lililokuwa nadra kwa binti wa wahamiaji wa siku zile. Aliyekulia kati ya lugha mbili si lazima awe amezipungukiwa zote mbili. Wanafunzi wetu wengi wasemao lugha moja jikoni, ya pili sokoni na ya tatu darasani wanalijua hili bila kuambiwa na mtaalamu yeyote.

Mwaka 1874 baba yake alimpeleka katika chuo cha Carleton, mjini Northfield, palipokuwa na mwalimu kijana aitwaye John Bates Clark, ambaye baadaye alikuwa nguzo mojawapo ya elimu ya uchumi ya Marekani. Inasimuliwa kwamba Veblen, alipotakiwa kutoa hotuba mbele ya walimu wacha Mungu, alisimama akatetea ulaji wa watu, na alipoulizwa kama anasema kweli au anatania, alijibu kwamba yeye anafanya uchunguzi tu. Kama kisa hiki ni cha kweli au kimetiwa chumvi, namna ya mtu mzima imo ndani yake tayari: uso mkavu, sauti ya taratibu, na msikilizaji asiyejua acheke au akasirike.

Kutoka Carleton alikwenda chuo cha Johns Hopkins, ambako alimsikiliza mwanafalsafa Charles Sanders Peirce, kisha Yale, na mwaka 1884 akapata shahada ya udaktari katika falsafa. Huyu si mtu aliyechungulia elimu kutoka dirishani. Alipita katika madarasa bora ya nchi yake. Ila kazi hakupata. Siku zile walimu wa falsafa aghalabu walitoka katika vyuo vya dini, na kijana wa Kinorwei asiyeonyesha imani yoyote hakuwa na mlango wa kubisha. Akarudi shambani kwa baba yake, akasema anaumwa, na kwa miaka saba akasoma. Ndugu zake walimwona mvivu. Mwaka 1888 alimwoa Ellen Rolfe, mpwa wa mkuu wa chuo cha Carleton.

Mwaka 1891, akiwa na umri wa miaka thelathini na minne, alikwenda chuo cha Cornell kuanza masomo upya, mara hii ya uchumi. Masimulizi yanasema aliingia ofisini kwa Profesa Laurence Laughlin amevaa kofia ya ngozi ya mnyama kama mwindaji wa porini, akajitaja jina lake, basi. Laughlin alikuwa mshikilizi mkubwa wa itikadi za zamani katika uchumi. Mtu asingedhani wawili hawa wangepatana, walipatana. Laughlin alipoitwa mwaka 1892 kuongoza idara ya uchumi katika chuo kipya cha Chicago, alimchukua Veblen, akampa posho ya dola 520 kwa mwaka pamoja na kazi ya kuhariri jarida la uchumi la chuo. Laughlin huyu huyu hakuwa na huruma na Bemis. Yafaa tuliweke moyoni: mlinzi wa mchumi mwasi hakuwa mwasi mwenziwe, alikuwa mhafidhina aliyeheshimu akili.

Sasa tukifungue kitabu. Wachumi wa wakati ule walimweleza mwanadamu kama mashine ya kupima raha na taabu: hununua kilicho bora kwa bei ndogo kabisa, na akishatosheka huacha. Veblen aliuliza swali la mtoto: ikiwa ndivyo, mbona tajiri haachi? Jibu lake ni kwamba watu, wakishapita shida ya chakula na malazi, hawatafuti mali ili watosheke, wanaitafuta ili wampite jirani. Na mali iliyofichwa haimpiti mtu yeyote, yapasa ionekane. Kuna njia mbili za kuionyesha. Moja ni kuonekana hufanyi kazi yenye manufaa. Ya pili ni kutumia vitu kwa namna ambayo kila apitaye ataona kwamba umepoteza.

Mifano yake ndiyo inayokifanya kitabu kikumbukwe. Kijiko cha fedha kilichofuliwa kwa mkono, kwa bei ya dola kumi hadi ishirini, hakichoti mchuzi vizuri kuliko kijiko cha aluminiamu cha senti kumi. Na siku mwenye kijiko atakapogundua kwamba kile alichokistahi kumbe kimetengenezwa na mashine, uzuri wake utapungua machoni pake papo hapo, ingawa macho hayo hayaoni tofauti. Fimbo ya kutembelea humtangazia mpita njia kwamba mkono wa mwenyewe hauna kazi nyingine. Viatu vyenye visigino virefu na vazi la kumbana mwanamke kiuno huthibitisha kwamba hawezi kufanya kazi, na kwa hiyo kwamba yupo mwanamume awezaye kumlisha bure. Majani mbele ya nyumba ya tajiri yangeweza kukatwa vizuri na ng'ombe, lakini ng'ombe hunuka manufaa. Afadhali paa, ambaye hana faida.

Wasomaji wa pwani yetu watatabasamu, kwa maana wanazijua karamu za kushindana za mitaa ya kale na ngoma za beni zilizotafuna akiba za watu. Ngazija, ndoa kuu bado humgharimu mtu akiba ya miaka mingi, na asiyeifanya hakai na wakubwa barazani. Veblen mwenyewe alitaja karamu za ugawaji mali za wenyeji wa pwani ya kaskazini-magharibi ya Amerika, akaziweka katika sentensi moja na dansi za wakuu wa mjini mwake. Fumbo lilikuwa hapo. Hakusema matajiri wa Chicago ni washenzi. Aliwaweka tu jirani.

Sura ya mwisho ndiyo iliyo karibu nasi zaidi, maana inahusu elimu. Veblen alidai kwamba Kilatini na Kiyunani vilithaminiwa vyuoni kwa sababu mtu hakuweza kuvijua pasipo kupoteza miaka kadhaa ya ujana wake, na miaka iliyopotea ni hati ya utajiri. Kisha akageukia maendelezo ya Kiingereza. Maendelezo hayo, alieleza, ni ya kizamani na mazito, hugharimu muda mwingi kuyajua, na akosaye hujulikana mara moja. Kwa sababu hizo hizo ndiyo yanayoheshimiwa. Sisi tunaoandika Kiswahili jinsi kinavyotamkwa hatuna mzigo huo. Mtoto wa mkulima akishazijua herufi na silabi, amekwisha kulipata neno. Ila ikiwa Veblen alisema kweli, basi pana jambo la kuuma hapa: huenda urahisi huo ndio unaoinyima lugha yetu heshima machoni pa baadhi ya watu wetu, wale wanaoona fahari kuandikiana barua kwa lugha iliyowatoa jasho.

Namna alivyojilinda ni somo peke yake. Alitumia neno lenye maana ya ubadhirifu karibu katika kila ukurasa, kisha akamsihi msomaji asidhani kwamba analaumu; kwa kukosa neno jingine, alisema, analitumia kitaalamu tu. Alitunga misemo mizito kama ya kitabu cha sheria, na mmoja katika hiyo umeingia katika Kiingereza cha kila siku, hata watu wasiomjua wanausema. Nimejaribu mara nyingi kuutia katika Kiswahili. Tumezoea kusema matumizi ya kujionyesha, na maana imo. Lakini kujionyesha tayari ni lawama, bibi yeyote humkemea mjukuu wake kwa neno hilo. Neno la Veblen halikuwa na lawama: lilisema tu kwamba matumizi hayo yanaonekana, kama mlima unavyoonekana. Nikisema matumizi yaonekanayo, ubaridi wake unabaki, lakini meno yamekwenda. Hapa ndipo mfasiri anapotambua kwamba alichokuwa akikitafsiri hakikuwa neno, kilikuwa uso wa msemaji. Lugha yetu, kwa upande wake, haikungojea kufundishwa: baada ya uhuru watu wa mitaani waliwatazama wakubwa wapya ndani ya magari yao ya Mercedes-Benz, wakachukua kiambishi cha makabila, wakasema Wabenzi. Veblen alihitaji kitabu kizima kuwageuza matajiri kuwa kabila. Sisi ilitutosha silabi moja.

Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Msemo huo unatuahidi kwamba mwerevu atapata na mjinga atakosa. Kwa Veblen mambo hayakuwa safi hivyo. William Dean Howells, mwandishi wa riwaya mashuhuri wa siku zile, alikisifu kitabu mwaka huo huo wa 1899, lakini alikisifu zaidi kama hazina ya visa kwa watunzi wa riwaya. Wasomaji wakacheka. Matajiri nao wakakinunua, wakacheka pia, kila mmoja akimwona jirani yake ndani. Mwaka 1919 mwandishi wa magazeti H. L. Mencken alimdhihaki kwa sentensi zake ndefu, akasema huyu bwana, kabla ya kueleza kwa nadharia mbona ng'ombe hawekwi mbele ya nyumba, angefikiria kwanza samadi. Hoja ya Veblen ilikuwa nzito kuliko mzaha huo: kama watu hununua ili wapitane, basi uzalishaji wote wa taifa unaweza kuongezeka mara mbili na hakuna atakayejiona ametajirika, maana kila mtu amepanda pamoja na jirani yake. Hilo ni pigo kwa misingi ya elimu ya uchumi. Wengi wa wenzake walilipita kama tashtiti. Nguo iliyomkinga na mvua ndiyo pia iliyowazuia watu wasimwone sawasawa.

Alijaribu tena mwaka 1904 kwa kitabu juu ya biashara kubwa, akitenganisha mambo mawili ambayo wachumi waliyachanganya: kutengeneza vitu na kutengeneza fedha. Mhandisi hutaka mashine izalishe; mwenye biashara hutaka faida, na mara nyingi faida hupatikana kwa kuizuia mashine isizalishe, ili bei isishuke. Miaka mingi baadaye alilichukua neno ambalo magazeti yaliwatupia wafanyakazi waliogoma kwa hila, hujuma, akawavika wenye viwanda. Kupunguza kazi kwa makusudi ni kupunguza kazi, alisema, awe anayeipunguza ni mwenye nyundo au mwenye hisa.

Mwaka 1906 aliondoka Chicago. Sababu haikuwa vitabu. Yalikuwa ni mambo ya nyumbani: ndoa yake na Ellen ilikuwa imevunjika kwa muda mrefu, na minong'ono juu yake na wanawake wengine ilimfikia mkuu wa chuo. Alipokelewa na chuo cha Stanford, California, kilichojengwa kwa mali ya mwenye reli, na ambacho mwaka 1900 kilikuwa kimemwondoa mchumi Edward Ross kwa amri ya mjane wa mwanzilishi. Ross alikuwa amezungumza hadharani juu ya fedha, reli na wahamiaji. Maneno yake dhidi ya wahamiaji wa Kiasia hayastahili kusifiwa na yeyote, lakini yalikuwa wazi, na uwazi ndio uliomponza kama ulivyomponza Bemis. Veblen alikaa Stanford miaka mitatu bila mtu kumuuliza juu ya nadharia zake. Mwaka 1909 alitakiwa kujiuzulu, kwa sababu zile zile za Chicago, baada ya mkewe kumpelekea habari mkuu wa chuo.

Wapo waliomfanya Veblen shahidi wa uhuru wa mawazo. Siwezi kukubaliana nao. Ellen Rolfe naye aliteseka, na mateso yake si tanbihi katika historia ya uchumi. Isitoshe, Veblen alikuwa, kwa ushuhuda wa wengi, mwalimu mbaya darasani. Alinong'ona hata safu ya mbele haikusikia. Alitoa alama moja ya wastani kwa karibu wanafunzi wote, hodari na mzembe sawasawa, kwa kuwa hakuamini mitihani. Kozi zilizoanza na wengi zilimalizika na wachache. Ila hao wachache hawakumsahau: Wesley Mitchell, aliyekuwa mwanafunzi wake Chicago, ndiye aliyekuwa mwanzilishi mkuu wa taasisi ya taifa ya utafiti wa uchumi ya Marekani mwaka 1920, na alisema maisha yake yote kwamba Veblen ndiye aliyemfungua macho. Sijui tuwahesabuje walimu wa namna hii. Ukaguzi wowote wa shule ungemwangusha.

Mwaka 1911 rafiki yake Herbert Davenport alimpatia kazi katika Chuo Kikuu cha Missouri, akampa na chumba cha chini katika nyumba yake. Ajira ilikuwa ya mwaka kwa mwaka. Katika mji huo mdogo ambao hakuupenda aliandika vitabu vyake vizito. Cha mwaka 1914 kilihusu tamaa ya asili ya mwanadamu ya kufanya kazi iliyo njema, jambo ambalo alilipenda kwa dhati na ambalo hasa ndilo alilolitazama kama kinyume cha fahari. Cha mwaka 1915 kilihusu Ujerumani, na kina wazo ambalo nchi zilizochelewa kujenga viwanda zingefaa kulijua: anayeazima ufundi baadaye huupata ukiwa umekwisha kukamilika, wakati aliyetangulia hubaki amefungwa na reli nyembamba na mabehewa madogo aliyoyajenga mwanzoni. Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917, kitabu hicho kilipatwa na mkasa wa kuchekesha. Idara ya propaganda ya serikali ilikiona kuwa silaha dhidi ya Wajerumani. Posta ya serikali hiyo hiyo ikakizuia kwa kuwa kiliisema vibaya Uingereza. Mafumbo yalikuwa yamewashinda hata wasomaji wa serikali.

Mwaka 1918, alipokuwa amekwisha kuondoka Missouri, alitoa kitabu chake juu ya vyuo vikuu, The Higher Learning in America, na humo pazia limeinuliwa. Mengi yalitokana na yale aliyoyaona Chicago miaka mingi kabla. Vyuo, alieleza, vimewekwa mikononi mwa wafanyabiashara wanaokaa katika mabaraza ya wadhamini, nao huwachagua wakuu wanaofanana nao. Aliwaita wakuu hao manahodha wa elimu, kwa mfano wa manahodha wa viwanda waliosifiwa magazetini. Nahodha wa elimu hujenga majumba kwa kuwa majumba huonekana, huhesabu wanafunzi kama bidhaa ghalani, huwapima walimu kwa saa. Dawa aliyoipendekeza ilikuwa fupi: mabaraza na wakuu, vyote viondolewe, walimu waachwe wafanye kazi. Alikuwa na umri wa miaka sitini na moja, bila ajira ya kudumu. Hakuwa na mengi ya kupoteza, na ndipo aliposema wazi.

Miezi michache ya mwaka huo alifanya kazi Washington katika idara ya chakula. Wakulima wa ngano walikosa vibarua, na chama kimoja cha vibarua wa aina hiyo kilikuwa kikiandamwa na mahakama. Veblen aliandika taarifa kwamba njia rahisi ya kuvuna ngano ni kuacha kuwashtaki wavunaji. Taarifa iliwekwa kabatini. Baadaye akaenda New York, akaandika katika jarida la The Dial, na mwaka 1919 akawa mmoja wa walimu wa kwanza wa chuo kipya cha New School, kilichoanzishwa na wataalamu waliochoshwa na vyuo vya namna aliyoieleza. Mwaka uliofuata mke wake wa pili, Ann, alifariki baada ya ugonjwa wa akili. Watoto wa Ann, mabinti wawili aliowalea, walibaki naye. Mwaka 1925 alitoa tafsiri ya Kiingereza ya simulizi moja ya kale ya Iceland, kazi aliyokuwa ameishika tangu ujana wake. Karibu na wakati huo alipendekezwa kuwa rais wa chama cha wachumi wa Marekani, naye akakataa. Inasimuliwa alisema hawakumpa cheo hicho alipokihitaji.

Alirudi California, akaishi katika nyumba ya mbao vilimani karibu na Menlo Park, na huko alifariki tarehe 3 Agosti 1929, chini ya miezi mitatu kabla soko la hisa la New York halijaanguka. Aliacha maandishi kwamba mwili wake uchomwe, majivu yatupwe baharini, lisijengwe kaburi wala lisiwekwe jiwe lenye jina lake, na asiandikiwe wasifu wa aina yoyote. Majivu yalitupwa katika Bahari ya Pasifiki. Wasifu wa kwanza, wenye kurasa zaidi ya 500, ulitoka mwaka 1934 kwa mkono wa Joseph Dorfman, na ndio uliomtangazia ulimwengu habari za mgeni maskini asiyejua Kiingereza.